MHITIMU ATAWEZA... KUWEZA NINI HASA?

Najua nimepotea karibu mwezi mzima, na wapo waliotuma meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko. Niko BTP, mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya kata wilayani Iramba, na mtandao huku mpaka upande juu ya jiwe ndio upate vijiti viwili. Bahati nzuri mkoa wetu mawe hayajawahi kutuishia.

Leo sina stori za bumu wala za foleni ya kafteria. Leo nina ugomvi, tena ugomvi na kitu ambacho wengi wenu hamjawahi kukisoma ingawa mnacho kwenye simu. Fungua kozi autilaini yoyote. Ukurasa wa kwanza, kabla ya orodha ya mada na kabla ya yale mahesabu ya kozi weki 40 na UE 60 ambayo ndiyo tunayakimbiliaga, kuna mistari minne mitano inayoanza na maneno "mwisho wa kozi hii mwanafunzi ataweza". Ukienda kwenye kitabu cha programu nzima (kipo, ombeni idarani muone sura watakayowakunjia) utakuta mistari mingine ya namna hiyo hiyo inayomhusu mhitimu. Hayo ndiyo yanaitwa matokeo ya kujifunza. Ni ahadi ya chuo kwako na kwa atakayekuajiri.

Hoja yangu ni hii, sitaizunguka. Matokeo haya, kwa jinsi yalivyo kwenye digrii yetu ya ualimu, yameandikwa ili yapite kwenye meza ya ithibati. Hayakuandikwa kwa ajili yangu mimi wala kwa ajili ya mtoto wa Kidato cha Kwanza ninayemfundisha hapa. Ndiyo maana hakuna anayeyapima. Na ahadi ambayo hakuna anayeipima unaweza kuandika chochote humo.

Hebu tuhesabu kwanza sisi tunatoa nini. Kwa viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, digrii ya miaka mitatu ni angalau krediti 360, na krediti moja inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, ukijumlisha mihadhara, semina, kusoma mwenyewe na mitihani. Zidisha. Ni saa 3,600 za ujana wako. Weka juu yake deni la mkopo wa elimu ya juu, litakaloanza kukatwa kwenye mshahara kabla hujanunua hata godoro, kama huo mshahara utakuwepo. Mtu aliyetoa saa 3,600 na deni juu ana haki ya kuuliza atatoka anaweza nini, na ajibiwe kwa maneno yanayoeleweka.

Sasa sikia anavyojibiwa. Natafsiri kutoka kitabu cha programu yetu, maana chenyewe ni Kiingereza kitupu. Mhitimu ataonyesha uelewa wa kina wa nadharia za kujifunza. Atathamini utofauti wa wanafunzi. Atawasiliana kwa ufanisi. Atachambua kwa kina masuala ya elimu ya kitaifa na kimataifa. Atajifunza maisha yake yote. Jamani! Ondoa neno elimu, weka neno misitu, na hiyo ni digrii ya misitu. Weka uhasibu, twende. "Kuwasiliana kwa ufanisi" na nani, kwa lugha gani, kuhusu nini? "Kuthamini utofauti" kunaonekanaje mtu akiwa amesimama ubaoni na chaki?

Pita barabara kuu hapa Singida utaona madumu na chupa za mafuta ya alizeti zimepangwa kandokando. Muulize mama anayeuza, mafuta haya yakoje? Hatakwambia kwamba mnunuzi atathamini nafasi ya mafuta katika maendeleo endelevu ya familia. Atakwambia yamekamuliwa lini, yamechujwa au bado, alizeti imetoka wapi, na ukisitasita atafungua kifuniko unuse. Yule mama anaandika matokeo ya kujifunza vizuri kuliko kamati zetu.

Na wala tusisingizie kwamba taaluma yetu haina maarifa ya jambo hili. Sisi watu wa elimu ndio wenye mali! Wanaosoma uhandisi na famasia wakitaka kuandika matokeo yao wanakuja kukopa vitabu vyetu. Kwa waliosinzia kwenye kozi ya mitaala, nikumbushe kidogo. Mwaka 1949 Ralph Tyler aliandika kitabu chembamba kuhusu misingi ya mtaala, akataka kila anayefundisha aseme kwanza anataka mwanafunzi abadilike vipi, ndipo apange masomo na upimaji. Mwaka 1956 ikatoka ile ngazi ya Benjamin Bloom na wenzake, kuanzia kukumbuka hadi kutathmini. Mwaka 1962 Robert Mager akaja na mkazo wake, kwamba lengo zuri lina vitu vitatu: tendo linaloonekana, mazingira ambamo tendo litafanyika, na kiwango cha kusema hapa amefaulu na hapa bado. Mwaka 1996 John Biggs akasisitiza kwamba matokeo uliyoandika, namna unavyofundisha na mtihani unaotunga lazima vilandane, vinginevyo mwanafunzi atafuata mtihani na kuyaacha matokeo kwenye karatasi. Yote haya tumeyafanyia UE. Tumeyataja, tumeyafafanua, tumepata B yetu tukaondoka.

Kuhusu Bloom kuna jambo ambalo darasani lilipitwa haraka mno, na mimi naona ndilo kubwa kuliko yote. Ile kazi ilianzia kwa watahiniwa... samahani, kwa WATAHINI. Walikuwa watu wanaosimamia mitihani ya vyuo vikuu huko Marekani, waliotaka namna moja ya kupanga maswali ili waweze kubadilishana. Yaani ngazi ya Bloom ilizaliwa ndani ya chumba cha mitihani. Sisi tumeing'oa kule tukaipandikiza kwenye ukurasa wa kwanza wa kozi autilaini, halafu chumba cha mitihani tumekiacha kilivyo, na maswali ya "eleza maana ya mtaala na utaje sifa zake tano".

Lekchara mmoja, sitamtaja na msimtaje huko chini, alituchekesha siku moja kwa kutueleza walivyohuisha programu. Alisema walipewa orodha ya vitenzi vinavyoruhusiwa na vilivyopigwa marufuku. Kitenzi "kuelewa" ni marufuku kwa sababu hakionekani kwa macho. Basi usiku mmoja wakapita kwenye waraka mzima, kila penye "kuelewa" wakaweka "kuchambua", asubuhi kazi imeisha. Darasa lilicheka sana. Mimi nilicheka pia, nikafika hosteli nikakuta sicheki tena. Kozi ilikuwa ile ile, na desa lile lile la tangu enzi za kaka zetu, na maswali yale yale. Kilichobadilika ni neno moja, na kwa neno hilo programu ikaonekana imepanda ngazi mbili. Halafu kichekesho chenyewe ni kwamba Anderson na Krathwohl walipoipanga upya ngazi ya Bloom mwaka 2001, ngazi ya pili waliipa jina la kuelewa! Kitenzi kilichopigwa marufuku ni jina la ngazi inayonukuliwa kwenye waraka huo huo.

Msidhani nawalaumu TCU kwa kudai matokeo yaandikwe. Tume ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, ikachukua nafasi ya baraza la ithibati lililokuwepo tangu 1995, na ilikuja wakati vyuo vinaota kama uyoga. Lazima awepo wa kuuliza kila chuo kinauza nini. Mwaka 2012 wakatoa mfumo wa sifa za vyuo vikuu ambamo kila ngazi ya tuzo imeelezwa mhitimu wake awe na nini. Mwaka 2015 Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lile lenye makao yake Kampala, nalo likatoa mfumo wake ili shahada ya Singida, ya Kisumu na ya Gulu zisomeke kwa macho mamoja. Nia njema kabisa. Lakini mkaguzi wa karatasi hukagua karatasi. Akikuta kitenzi kimekaa sawa na jedwali limejazwa, anapiga muhuri. Hawezi kuja kukaa dawati la nyuma hapa Iramba aone mhitimu anachoweza. Kazi hiyo ni ya chuo chenyewe, na chuo kikishapata muhuri kinalala.

Nije kwenye darasa langu sasa, maana bila hilo mtasema ni maneno ya vitabu.

Nafundisha Kiswahili na Jiografia, na kuna mkondo mmoja wa Kidato cha Kwanza ninaoufundisha masomo yote mawili. Watoto wale wale, madawati yale yale, mimi yule yule. Kipindi cha Kiswahili mikono inanyooshwa mpaka wanagombana, wananibishia, wanacheka, kuna mmoja ananisahihisha matamshi. Kikifika kipindi cha Jiografia ni kama umezima redio. Nauliza kwa Kiingereza kwa nini sehemu fulani zinapata mvua kidogo, kimya. Unasikia upepo tu kwenye madirisha, na upepo wa Singida mnaujua. Nikarudia polepole. Wakaniangalia kwa heshima kubwa, kama watu wanaomsikiliza mgeni rasmi. Nikauliza kwa Kiswahili, na mtoto mmoja, mdogo kuliko wote, akasimama akaeleza kwa nini baba yake ameacha mahindi akaongeza mtama na alizeti. Alisema huku mvua ni za msimu mmoja tu na siku hizi zinakatika mapema, mahindi hayana subira. Halafu akaongeza kwamba upande wa bonde kwa mjomba wake udongo unashika maji, kwa hiyo huko bado wanalima mahindi. Hiyo ni Jiografia ya kidato cha tatu inatoka kwenye mdomo wa mtoto wa kwanza! Lakini kwenye daftari lake la Jiografia kuna sentensi za Kiingereza alizonakili ubaoni, na hawezi kuzisoma mbili mfululizo.

Huyu mtoto si ajabu ya Iramba. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili miaka yote, kisha sekondari masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Kila mwalimu wa sekondari ya serikali nchi hii, akipangiwa Kidato cha Kwanza, atasimama mbele ya watoto wanaovuka mto huo wa lugha. Hakuna jambo la hakika kuliko hilo katika kazi tunayosomea. Mvua inaweza isinyeshe, posho inaweza isifike, lakini huyo mtoto utamkuta.

Nikarudi kwenye kitabu cha programu nikitafuta alipo. Hayupo. Matokeo yote ya shahada ya miaka mitatu ya kumwandaa mwalimu wa sekondari Tanzania, na hakuna hata moja linalosema mhitimu ataweza kufundisha watoto wanaobadilishiwa lugha. Lipo la "masuala ya kimataifa". La mtoto huyu halipo. Kwa hiyo hakuna kozi yake, na kwa kuwa hakuna kozi hakuna swali lake kwenye UE, na asesa akija kunikagua fomu yake ina kisanduku cha "matumizi sahihi ya lugha ya kufundishia", ambapo nikieleza kwa Kiswahili mtoto akaelewa nakatwa alama, na nikiongea Kiingereza cha kwenye kanda watoto wakasinzia napata zote. Mniambie hapo ni nani mwendawazimu.

Unaweza usikubaliane nami kuhusu lugha. Wapo wenzangu wanaotaka Kiingereza tangu chekechea, wapo wanaotaka Kiswahili hadi chuo kikuu, na hata hapa ofisi ya walimu tunabishana hadi chai inapoa. Sawa. Lakini wote, wa pande zote, tungepaswa kuona hili: programu inayomwandaa mwalimu haiwezi kunyamaza juu ya jambo hilo na bado ikajiita imeandikwa kwa kuangalia kazi yenyewe.

Wakubwa wetu katika kazi wanajua wanachokosa vijana wa digrii. Katika ofisi yetu kuna walimu wa stashahada, wengine waliopita vyuo vya ualimu kama Kinampanda, hapa hapa Iramba. Ukimkabidhi mmoja wao darasa la watoto wengi lenye vitabu vya kuhesabika, anagawa vikundi, anapanga ubao, anajua nani hajala asubuhi. Mimi nina uchambuzi wa kina wa Piaget. Ticha mmoja mzee aliniambia, bila kejeli, "Mwanangu, ninyi mnajua kwa nini. Sisi tunajua vipi. Ingekuwa vizuri mtu mmoja ajue vyote." Huyo mzee hajawahi kualikwa kwenye kikao chochote cha kuandika matokeo ya shahada. Wadau hushirikishwa, ndivyo inavyoandikwa kwenye utangulizi. Wadau hao ni akina nani, na wanakaa mikoa gani?

Kuna atakayesema, dogo, acha kelele, hayo ni makaratasi tu, ajira ndiyo muhimu. Haya, tuende kwenye ajira. Zamani mwalimu akimaliza alipangiwa kituo, cheti kilitosha. Mwanzoni mwa mwaka 2025 walimu walifanyiwa usaili na Sekretarieti ya Ajira: waombaji 201,707 kwa nafasi 14,648. Ni karibu watu 14 kwa kiti kimoja. Watu wengi waliulalamikia usaili ule, na mimi nina ndugu aliyekopa nauli kwenda kuufanya. Lakini jiulize maana yake. Mwajiri ameshika cheti kinachosema huyu ataweza kufundisha, ataweza kupima, ataweza kuwasiliana kwa ufanisi, halafu anamwambia kaa hapo nikupime upya tangu mwanzo. Uhaba wa nafasi ndio sababu kubwa, sikatai, lazima achuje kwa namna fulani. Ila kama matokeo ya digrii yangekuwa na uzito, angeanzia hapo. Angeomba ushahidi wa namba tatu na namba tano. Haombi, kwa sababu anajua cheti cha kila chuo kimeahidi vitu vile vile kwa maneno yale yale.

Mwaka 2014 magazeti yaliandika sana kuhusu utafiti wa lile Baraza la Kampala, kwamba asilimia 61 ya wahitimu wa Tanzania hawana ujuzi unaotakiwa kazini, Uganda 63, Kenya 51. Binafsi siipendi namba ile. Waajiri hulalamikia vijana tangu safina ya Nuhu, na kumuuliza bosi kama wafanyakazi wake wapya wanafaa ni sawa na kumuuliza mama mkwe. Lakini chuo hakiwezi kumjibu bosi huyo, na hapo ndipo aibu ilipo. Kingekuwa kinapima matokeo yake kwa kweli, kingesema: hapana mzee, huyu tulimwona kwa macho akifanya jambo fulani, huu hapa ushahidi.

Halafu kuna fedha. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 425 kwa mradi wa HEET wa elimu ya juu, na pamoja na majengo na maabara, mojawapo ya kazi za mradi ilikuwa kuhuisha mitaala ya vyuo vikuu. Ule ni mkopo, si zawadi. Tutaulipa sisi na watoto wa hao watoto. Kwa hiyo neno "kuhuisha" nina haki ya kulifuatilia mpaka mwisho. Kama kuhuisha ni kutoa "kuelewa" na kuweka "kuchambua", basi tumekopa dola kununua visawe.

Sasa upande wa pili, maana upo na una watu wazito. Kuna wahadhiri wanaochukia matokeo ya kujifunza moja kwa moja, na si kwa uvivu. Wanamtaja Lawrence Stenhouse, Mwingereza aliyeandika mwaka 1975 akipinga kuifanya elimu ionekane kama kiwanda ambacho kinajua mapema kitakachotoka upande wa pili. Wanamtaja Elliot Eisner, aliyetoka kwenye sanaa, akauliza utaandikaje mapema kile ambacho mtoto atakichora. Mwalimu wangu wa fasihi yuko kambi hii. Alisema ukimfundisha mtu ushairi kwa orodha ya "ataweza", utapata fundi wa mizani asiye na cha kusema.

Namheshimu sana na kwenye ushairi nampa nusu. Mambo bora niliyoyapata chuoni hayakuwa kwenye karatasi yoyote, mengine yalitokea kwenye mabishano ya usiku baada ya umeme kukatika. Lakini hoja hii ina watu wanaojificha nyuma yake. Daktari wa meno naye ana usanii wake, ila kabla hajafungua kinywa changu nataka kujua kama amewahi kung'oa jino mbele ya mtu anayejua. Mwalimu ni hivyo hivyo. Acheni nafasi ya yasiyotabirika, tena kubwa, lakini yale machache ambayo mtoto wa Iramba atayahitaji Jumatatu saa mbili asubuhi, yaandikeni na myapime.

Na mkitaka mfano wa maandishi yanayosema wazi elimu ni ya nini, hatuhitaji kwenda Chicago. Elimu ya Kujitegemea ya Mwalimu, Machi 1967. Unaweza kuibishia, na utekelezaji wake ulipinda kwa njia nyingi, wazee wetu waliolima mashamba ya shule wana mengi ya kusema. Lakini ukiisoma unajua kijana akimaliza shule anatakiwa kuwa mtu wa namna gani, katika kijiji cha namna gani. Alisema elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya wachache kwenda sekondari. Mkulima aliweza kuisoma kwa Kiswahili akakubali au akakataa. Nionyesheni mzazi mmoja hapa Kiomboi anayeweza kusoma matokeo ya digrii ya mwanawe akakubali au akakataa.

Msije mkasema nalalamika tu bila kujaribu. Nimejaribu, usiku, kwa mwanga wa simu. Hili la kwanza: akipewa darasa la Kidato cha Kwanza lenye watoto zaidi ya 60 waliosoma msingi kwa Kiswahili, bila projekta na kwa vitabu visivyotosha, mhitimu ataweza kufundisha dhana moja ya somo lake ndani ya dakika 40 hadi angalau nusu ya watoto waieleze kwa maneno yao wenyewe, kwanza Kiswahili, kisha Kiingereza. Mager yote matatu yamo, hesabu. Mtu anaweza kufeli hilo, na kwangu hicho ndicho kipimo: tokeo ambalo haiwezekani kulifeli si tokeo. Jingine: akipewa rundo la karatasi za mtihani wa watoto, ataweza kuonyesha makosa yanayojirudia, kukisia yametoka wapi, na kuandaa kipindi cha kuyarekebisha. Na la tatu, ambalo sijui kama kamati italipenda: ataweza kukaa na mzazi anayetaka kumtoa mtoto shule akachunge au akavune, wakaongea lugha ya mzazi, bila kumdharau. Hilo utalipimaje? Kwa kumweka mtu mbele ya mzazi, au mbele ya mwalimu mzee anayeigiza mzazi. Manesi hupimwa mbele ya mgonjwa, sisi tuna ugumu gani?

Najua kuna jibu la idadi. Kozi za elimu za pamoja tunajaa ukumbini mpaka wengine wanakaa kwenye ngazi, lekchara mmoja, na karatasi za kusahihisha zinapelekwa kwa kiroba. Huyo mtu hawezi kumpima kila mmoja akifundisha. Kweli kabisa, na simlaumu kwa kutunga "taja sifa tano". Lakini basi aseme hivyo kwenye waraka! Kama chuo kina uwezo wa kupima mambo matano kwa kweli, kiandike matano. Kikiandika 18 na kupima kumbukumbu, kinamdanganya mzazi aliyeuza ng'ombe. Na siku TCU au wizara ikiona programu ya ualimu ina matokeo matano tu yanayopimika kwa sababu lekchara ni mmoja kwa watu mia kadhaa, hapo ndipo hoja ya kuajiri wahadhiri itakuwa na meno. Matokeo mengi ya uongo yanafunika uhaba huo.

Kwa hiyo ninyi mlioko kampasi, naomba kitu kidogo tu. Mwisho wa semista mtaletewa fomu ya tathmini ya kozi, ile tunayojaza fasta ili tuwahi kula. Safari hii chukueni kozi autilaini, mchague tokeo moja, liandikeni kwenye nafasi ya maoni, na chini yake muulize: hili lilipimwa wiki gani, kwa kazi gani? Basi. Msitukane mtu. Karatasi 300 zenye swali moja hazitupwi kirahisi, na nyingi zikitupwa tutajua pia.

Na ninyi wa vyuo vingine, hasa mnaosomea uuguzi, kilimo na uhandisi, niwekeeni hapa tokeo moja la digrii yenu ambalo mliwahi kulifeli kwa haki. Nataka kuona lilivyoandikwa. Vijiti vimebaki kimoja, asesa anasemekana yuko njiani kutoka Singida mjini, na andalio la somo la kesho halijaandikwa. Nawasilisha.